Picha zangu za Mnara wa Saa, Mwenge na AICC nimeshaziediti, nitajuaje kama ni kali kweli au nimezichakaza?

Chalii wa Sakina

Wakuu habari za muda huu, naombeni mnisaidie kitu kinaniumiza kichwa. Mimi napiga picha za mji, sio harusi wala kipaimara, ni majengo na minara ile ambayo kila mtu anaijua, napigia simu na mara nyingine kamera ya kuazima kwa jamaa yangu wa Njiro, halafu naziediti usiku nikishatulia, Snapseed kwenye simu na Lightroom nikipata laptopu. Sasa kuna dada ana duka la vitu vya watalii kaniambia nimpelekee picha nne, akizipenda anaziweka kwenye kanvasi na kadi za posta, ndio hapo nimekwama. Picha ninazo, shida sijui kuzihukumu. Nikimaliza kuediti usiku naona hapa nimeua kabisa, asubuhi naamka naiangalia naona mbona ya kawaida tu, jioni tena naiona kali. Nikiposti Instagram watu wanaandika moto moto, umetisha mwamba, lakini hao hata ukiposti sahani ya ugali watakuambia moto moto.

Zenyewe ni hizi nimebandika hapo chini, mzione na mseme bila huruma:

Ya kwanza Mnara wa Saa hapa Arusha, nilipiga mchana nimesimama upande wa posta, anga lilikuwa jeupe tu halina kitu nikaliwekea machweo ya kwenye programu, na mnara nikauongezea joto la rangi kidogo ufanane na anga.

Ya pili ule mnara wenye mwenge, wa Azimio la Arusha, pale Kaloleni. Hii nimevuta HDR, ile ya kukoleza mwanga na vivuli, mpaka mawingu yamechachamaa na nyaya za umeme nimezifuta zote maana zilikuwa zinapita katikati ya picha.

Ya tatu AICC, lile jengo la mikutano ya kimataifa, nimepigia kwa chini na ile lenzi pana ya simu, 0.5, jengo likawa linalala kwa nyuma nikalinyoosha mpaka mistari yote imesimama wima, kwa mbele kuna mjakaranda umechanua.

Ya nne mnara wa saa wa Moshi, siku hiyo mlima Kilimanjaro ulifunguka wote nikauweka nyuma. Hii nimeigeuza kushoto kulia kwa sababu mnara ulikuwa umekaa upande ambao haunipendezi, sasa hivi imekaa vizuri zaidi machoni, saa yenyewe imeingia kivulini haisomeki kwa hiyo hakuna atakayejua.

Swali langu sio tu zipi nzuri. Nataka kujua nyie mnahukumuje kazi yenu wenyewe mkishaiediti, mnaangalia nini. Tafadhali msiniambie fuata moyo wako, moyo wangu ndio huo unabadilika kila baada ya masaa matatu.

Kibuyu cha Unga Ltd

Hiyo ya kwanza anga limekuwa Fanta kabisa mkuu 😂 ila ya mlima nimeipenda, moto moto

Fundi Fremu

Mkuu mimi nina kibanda cha fremu na kuprinti hapa mjini, picha za watu napitisha mkononi kila siku kwa hiyo nitakuambia ninachokiona mimi, mambo ya sanaa watakuja wenyewe.

Kwanza hilo la usiku kali asubuhi kawaida, tatizo inawezekana lisiwe picha, ni skrini. Simu nyingi zina ule mwanga wa usiku unaogeuza skrini kuwa ya njano ili macho yasichoke, na wengine wamewasha halafu wamesahau, ikifika jioni unajiwasha wenyewe. Ukiediti hapo kila kitu unakiona cha njano, bila kujua unaongeza bluu kufidia, asubuhi skrini inarudi kawaida unakuta picha imepoa kama haina damu. Halafu usiku uko kitandani taa umezima mwanga wa skrini umeshusha, picha inaonekana giza, unainua mwanga, unainua tena, kesho juani imepauka. Zima huo mwanga wa njano, mwanga wa skrini uweke katikati na usiuguse tena mpaka umalize, na kama simu yako ina sehemu ya kuchagua rangi za skrini toa ile ya rangi kali weka ya asili. Simu zenye skrini za AMOLED zinapenda kukudanganya sana kwenye nyekundu na kijani.

Pili toa kopi. Kopi ndogo tu ile ya 10 kwa 15, hela yake haizidi soda. Skrini inawaka taa yenyewe na karatasi haiwaki, kwa hiyo picha ile ile kwenye karatasi itatoka nzito zaidi, na kuna rangi skrini inazo wino hauna, hasa hiyo chungwa yako ya kwenye anga, ikifika kwenye karatasi inakuwa bonge moja la rangi halina mawingu ndani yake. Kopi usiiangalie chini ya taa ya dukani, toka nayo nje simama kivulini ndio uitazame. Kama unataka kuuza kanvasi halafu kazi yako umeihukumu kwenye simu tu basi bado hujaihukumu.

Tatu vuta picha mpaka pikseli moja ya picha iwe pikseli moja ya skrini, halafu tembeza jicho kwenye ukingo, yaani pale jengo linapokutana na anga, polepole kama unakagua mshono. Nimefanya hivyo kwenye hiyo ya mwenge. Kuzunguka mnara wote kuna mstari mweupe unang'aa, huo umeletwa na HDR, programu imejaribu kukoleza mnara na kulainisha anga kwa wakati mmoja ikashindwa kujua mpaka uko wapi. Ukiwa mbali huoni mstari lakini unaona mnara kama umekatwa na mkasi ukabandikwa. Na hizo nyaya umefuta vizuri sikatai, ila nguzo umeiacha! Nguzo imesimama pale kulia na vikombe vyake vyote na hakuna hata waya mmoja, TANESCO wakiiona watakupigia simu.

Na wingu la juu kulia limeungua. Kwenye programu yako fungua kile kigrafu, histogramu, ukiona mlima umejibana kwenye ukuta wa kulia ujue hapo pana weupe mtupu, hamna kitu cha kuprinti, karatasi itabaki karatasi.

Ukubwa wa picha usikutie hofu sana, simu ya megapikseli 12 inakupa 4000 kwa 3000, ukiprinti kwa pikseli 300 kwa inchi unapata kama sentimita 34 kwa 25 safi kabisa, na kanvasi ya kutundika ukutani watu wanaiangalia kwa mbali hata 100 kwa inchi inakwenda. Kinachoua ni kukata picha ukabaki na robo yake, halafu unanitumia kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inafika imeminywa. Tuma kama dokumenti au lete kwenye flashi.

Binti wa Rau

Jamani nimecheka peke yangu kwenye bajaji mpaka dereva kageuka. Kaka yangu hiyo ya nne kilele cha Mawenzi kiko KUSHOTO.

Ukisimama Moshi ukautazama mlima, Kibo iko kushoto kwako na Mawenzi iko kulia, tangu bibi yangu hajazaliwa. Mawenzi ikiwa kushoto maana yake uko upande wa pili, Kenya, Amboseli huko na Loitokitok. Umechukua mnara wetu wa saa ukauhamishia nchi ya watu. Unasema saa haisomeki hakuna atakayejua, mimi hata saa sikuiangalia, mtu wa Moshi akiona picha jicho linakwenda mlimani kwanza, kila asubuhi ndio kitu cha kwanza tunaangalia, leo umefunguka au haujafunguka. Ukiugeuza ni sawa na kumgeuza mtu unayemjua usoni, unaona kuna kitu hakiko sawa hata kabla hujajua ni nini.

Halafu angalia barabarani. Bodaboda anakwenda upande wa kulia wa barabara na dereva wa ile Noah amekaa kushoto. Na mwanga pia, ni asubuhi hiyo, naona kwa jinsi mlima ulivyo wazi, saa nne ingekuwa mawingu yameshapanda, sasa asubuhi jua kwetu ukitazama mlima linatoka mkono wa kulia, kwenye picha yako linatoka kushoto. Vitu vitatu vyote vinakuchongea.

Kuna kalenda niliwahi kuiona kwenye ofisi moja hivi wamefanya hivyo hivyo, mwaka mzima imetundikwa ukutani na kila anayeingia anauliza hii Moshi ya wapi.

Chalii wa Sakina

Dada nimekusoma, ila nikubishie kidogo. Mteja wa hiki kitu ni mtalii, katoka Ujerumani huko, atajulia wapi Mawenzi inakaa upande gani? Mtu wa Moshi hanunui kanvasi ya mlima, mlima anao bure dirishani.

Binti wa Rau

Hahaha kaka huyo mtalii ndio hatari zaidi. Unadhani alikuja Moshi kufanya nini? Alikuja kupanda. Kama amepita njia ya Marangu amelala kambi ya Horombo, kesho yake akatembea ile nyanda kavu yote katikati ya Kibo na Mawenzi mpaka Kibo Hut, mguu unauma, kichwa kinagonga, hana kitu kingine cha kuangalia ila hivyo vilele viwili asubuhi mpaka jioni. Akirudi hotelini ana mamia ya picha kwenye simu. Wewe na mimi tumeuangalia mlima toka chini tukiwa tunawahi kazini, yeye ameulipia dola. Atajua.

Mimi nikitaka kujua picha ya sehemu maarufu imekaa sawa namuonyesha mtu anayepita hapo kila siku na simuambii kama imeeditiwa. Konda, mama wa chakula, mlinzi. Namuuliza vitu viwili tu, hapa wapi na hii saa ngapi. Akijibu papo hapo nimemaliza. Akianza kuinamisha simu na kusema hapa ni… ngoja kwanza… najua hapo kuna kitu nimeharibu, narudi natafuta. Hao wa moto moto hawawezi kukupa hiyo.

Mzee wa Chumba cha Giza

Hamjambo vijana. Nimeanza kazi hii enzi za filamu, tunasafisha wenyewe ndani ya chumba kimefungwa madirisha kwa blanketi, kwa hiyo mkinisikia nasema mambo ya zamani mnivumilie.

Binti wa Rau umesema neno kubwa hapo kwenye saa ngapi. Kijana, wewe umepiga mnara wa SAA. Katika vitu vyote vya kuweka chini ya machweo ya bandia umechagua kitu kimoja mjini ambacho kazi yake ni kumwambia mtu muda. Nimeivuta picha yako ya kwanza, mishale inasomeka vizuri tu, saa nane kasoro dakika kumi. Juu yake jua linazama. Arusha jua linazama kuanzia saa kumi na mbili na nusu hivi mpaka karibu na saa moja kutegemea mwezi, hakuna mwezi linazama saa nane. Na hata ungefuta mishale bado vivuli vipo. Angalia bodaboda pale kwenye kipilefti, kivuli chake kiko chini ya matairi yake kama kitambaa kimemdondoka. Machweo ya kweli kivuli cha bodaboda kingevuka barabara mpaka ukuta wa pili. Na vioo vya madirisha nyuma vinaakisi anga jeupe, lile ulilolitoa. Anga umelibadilisha juu, kwenye vioo limebaki.

Hapa kwetu tuko digrii tatu na kidogo tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua liko juu ya kichwa, na mwezi wa tatu katikati na mwanzo wa mwezi wa kumi linapita utosini kabisa, mida ya saa sita na nusu hata nguzo ya taa inakosa kivuli. Mwezi wa sita na wa saba jua linapita upande wa kaskazini, na mlima Meru uko kaskazini ya mji, kwa hiyo ukiupiga mlima ukiwa mjini mchana wa miezi hiyo jua liko upande wake, mlima unatoka bapa hauna mikunjo, watu wanahangaika kuukoleza kwenye kompyuta mpaka unakuwa wa plastiki. Desemba na Januari jua liko mgongoni mwako, mlima unaonekana mabonde yote. Mtu anayejua hili akiona picha anajua kama mwanga umetoka mbinguni au umetoka kwenye programu, na asiyejua hawezi kueleza ila anahisi.

Sasa kuhusu swali lako la unajihukumuje, maana naona tumeishia kukukosoa tu. Mimi nafanya mambo mawili. La kwanza naigeuza picha juu chini. Sio kushoto kulia ukaiacha hivyo, hapana, juu chini kwa muda tu halafu unairudisha. Ikiwa juu chini jicho linasahau kwamba huu ni Mnara wa Saa, linabaki na maumbo na uzito, unaona upande huu ni mzito sana, hapa pana doa jeupe linavuta jicho. Shida ya kupiga vitu maarufu ni kwamba umaarufu wao unakubeba, unadhani picha ni nzuri kumbe mnara ndio mzuri. La pili naitoa rangi yote, naiweka nyeusi na nyeupe. Kama ikibaki imesimama basi rangi ni ziada. Kama ikianguka ujue rangi ndio ilikuwa inaishikilia. Yako ya kwanza jaribu, utaona anga linakuwa bati la kijivu na mnara unazama ndani yake. Ya nne ukiirudisha ilivyokuwa itasimama vizuri sana, hiyo ndio picha yako bora na wala haikuhitaji kitu.

AICC. Umenyoosha, vizuri, lakini umenyoosha mpaka mwisho. Jengo refu ukilipiga kwa chini lazima lipungue kidogo kwenda juu, jicho limezoea hivyo. Programu inaponyoosha inavuta sehemu ya juu kwa nguvu. Weka rula hapo kwenye skrini, mistari imesimama wima kabisa, lakini jicho linaona jengo kama linapanuka kwenda juu, na sijaona mjenzi anayefanya hivyo. Rudisha nyuma kidogo, acha mistari iinamiane kwa mbali. Jengo hilo lina wanaolijua wengi kuliko unavyofikiri, miaka yote ya Mahakama ya mauaji ya Rwanda iliyokuwa inakaa humo wapiga picha wa dunia walikuwa wanashinda pale mlangoni, limeonekana kwenye taarifa za habari za kila nchi.

Na huo mjakaranda umekuwa wa bluu. Zambarau ya mjakaranda ni rangi ngumu, kamera yenyewe inapenda kuivuta kwenye bluu, sasa wewe ukija kuongeza nguvu ya rangi kwa picha nzima ndio unaimalizia safari. Ipunguze bluu peke yake. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja mji mzima unakanyaga hayo maua barabarani, hakuna mtu wa Arusha asiyejua rangi yake.

Mtukutu wa Kijenge

Mbona mnambana sana chalii wetu kama anaomba pasipoti? Picha ni sanaa bana. Wachoraji wa Tingatinga wanachora twiga wa bluu, pundamilia wa pinki, na watalii wanagombania, hakuna mzee aliyetoka na rula kupima shingo ya twiga. Mimi hiyo ya Fanta naiona ina mvuto wake na dukani itatoka kabla ya hizo za ukweli, ndio biashara ilivyo. Mwacheni aweke machweo saa nane, aweke hata miezi miwili.

Mzee wa Chumba cha Giza

Mtukutu hujakosea kitu, ila tazama twiga wa bluu anavyofanya kazi. Ni wa bluu KABISA. Mnunuzi anamwona anajua huyu twiga hakupita Serengeti, anamnunua kwa furaha. Kijana angeweka miezi miwili juu ya mnara ningenyamaza. Yeye ameweka machweo yanayotaka kuaminiwa, na ukitaka kuaminiwa ndio watu wanaanza kuhesabu vivuli. Aende mwisho kabisa mpaka mtoto ajue ni mchezo au abaki na jua alilopewa siku hiyo. Hapo katikati ndipo picha zinapochakaa.

Mtukutu wa Kijenge

Sawa mzee nimekaa 🙌

Suka wa Landcruiser

Mimi naendesha wageni, nichangie kidogo tu. Nyaya msizifute zote jamani. Wageni wangu tukipita Kaloleni au mjini wanachopiga wao ni bodaboda wamebeba godoro, nyaya, mama ana ndizi kichwani, mnara uko nyuma. Ukiwapa mnara peke yake umesafishwa hauna mtu wanasema ni mzuri halafu wanaurudisha kwenye rafu. Wanataka mji walioupita.

Na kama utaandika maneno kwenye kadi ya Mnara wa Saa usije ukaandika eti katikati ya Afrika. Wenyeji tunachosema ni kwamba pale ni nusu ya njia kutoka Cape Town mpaka Cairo, na kuna wageni wabishi wanatoa simu wanapima hapo hapo, kwa hiyo andika "inasemekana" uishi kwa amani. Ya Azimio andika 1967 hiyo haina ubishi, ilitangazwa tarehe 5 Februari.

Kibuyu cha Unga Ltd

Ila ukweli Fanta niliiona mimi wa kwanza, mnipe heshima yangu

Chalii wa Sakina

Shikamoo mzee, na asanteni wote, nimeokota mengi kuliko nilivyotegemea. Nimefanya hiyo ya juu chini sasa hivi nikiwa nasoma, kwenye ile ya mwenge nguzo ya Fundi Fremu ndio kitu cha kwanza nimeona, inachekesha kweli. Ya Moshi nimeirudisha ilivyokuwa na nimeelewa kwa nini mnara ulikuwa hauni­pendezi, shida sio upande, ni kwamba kuna bango la duka kushoto linameremeta, nikalipunguza mwanga hilo bango peke yake mnara ukatulia. Ya Fanta hiyo siipeleki.

Sasa naomba muongozo, Mnara wa Saa nirudi kuupiga upya saa ngapi na nisimame wapi? Machweo nayataka bado, ila ya kweli safari hii. Na ule wa Azimio nirudishie nyaya au nipige mpya?

Mzee wa Chumba cha Giza

Marahaba. Kwa machweo fika saa kumi na mbili kamili, usisubiri jua liguse chini, pale majengo yanalikata mapema. Kaa mashariki ya mnara utazame magharibi upate umbo jeusi mbele ya anga, au kaa magharibi jua likupige mgongoni mnara uwe wa dhahabu, lakini huwezi kupata vyote kwenye picha moja, hicho ndicho ulichojaribu kulazimisha. Jua likishazama usifungashe kamera, kuna ule ubluu unakuja na taa za magari zinawaka, kwetu huku unapita haraka sana kwa sababu jua linazama wima, dakika ishirini hivi giza. Weka simu kwenye kitu kisichotikisika. Jumapili ndio nzuri, magari machache.

Ya mwenge piga mpya, asubuhi na mapema. Nyaya ukisogea hatua chache unaweza kuzificha nyuma ya mti au ukazifanya zielekee kwenye mnara badala ya kuukata. Jaribu miguu kabla ya kujaribu programu.

Suka wa Landcruiser

Na usirushe droni pale mjini bila kibali cha TCAA, wale wa mamlaka ya usafiri wa anga, nimeona kijana mmoja ananyang'anywa

Chalii wa Sakina

Droni naitolea wapi mzee mwenzangu, hata kamera ni ya kuazima 😅

Fundi Fremu

Chalii ukishapiga njoo dukani na mafaili mawili kwa kila picha, orijino na uliyoediti, nikutolee kopi ndogo za yote mawili uzione pembeni kwa pembeni nje kivulini. Usiniletee ile uliyoidownlodi toka Instagram maana imeshapunguzwa. Na hiyo flashi uiskani kwanza kabla hujaja, mteja wa juzi kaniachia virusi nimepiga windo upya nzima.